Kutengeneza kopo la kunasia oili kwa injini ya Subaru EJ20: kutoka kadibodi hadi kipuri cha kuuza

Ukifungua mpira unaotoka kwenye turbo, yaani pampu ya hewa inayozungushwa na moshi wa injini, ya Subaru Impreza iliyokwisha kula miaka yake kwenye barabara zetu, kisha ukapitisha kidole ndani, kidole hicho kitatoka kimepakwa oili nyepesi nyeusi. Hata injini nzima, isiyo na ugonjwa wowote, hufanya hivyo. Oili hiyo haikuvuja mahali. Imefika pale kwa njia iliyowekwa na mtengenezaji mwenyewe, na kipuri ninachokieleza hapa, yaani kopo la kunasia oili, kazi yake ni kukaa katikati ya njia hiyo, kuibakiza oili na kuiacha hewa ipite.

Kwa fundi mwenye karakana ndogo anayetaka kubuni kipuri chake cha kwanza, kopo hili ni mwanzo mzuri. Halina kitu kinachozunguka, halihitaji kukerezwa kwa vipimo vya nywele, na faida yake inaonekana kwa macho, kwa sababu unaifungua koki ya chini na kupima mililita zilizonaswa. Hata hivyo lisidharauliwe. Kopo lililotengenezwa vibaya linaweza kuiharibu injini ambayo isingeharibika kama ungeiacha ilivyo, na kopo langu la kwanza lilikaribia kufanya hivyo kwenye gari la rafiki yangu, kama nitakavyosimulia.

Njia ya hewa ndani ya EJ20

Kabla ya kukata bati lolote, ifahamu kwanza hewa unayotaka kuizuia na kuipitisha. Hakuna ringi ya pistoni inayoziba kabisa. Kila mlipuko ndani ya silinda husukuma gesi kidogo ikapenya pembeni ya pistoni na kushuka kwenye kasha la krenki, ambako inakutana na matone ya oili yanayorushwa na krenki inayozunguka. Gesi hiyo lazima itoke. Isipotoka, presha hupanda ndani ya injini na kuanza kutafuta mahali dhaifu pa kutokea, na mahali hapo huwa ni sili za kamshafti, sili ya nyuma ya krenki au kijiti cha kupimia oili kinachoruka kutoka kwenye bomba lake.

Katika EJ20 yenye turbo, injini ya sentimita za ujazo 1,994 yenye silinda nne zilizolala mbili kila upande, gesi hiyo ina njia mbili. Njia ya kwanza inapita kwenye valvu ndogo ya kupumulia, PCV, juu ya bloku na kuingia kwenye manifoldi, yaani mabomba yanayoigawia silinda hewa. Hiyo hufanya kazi injini ikinguruma polepole au gari likienda bila kukanyagwa sana, wakati manifoldi inavuta. Turbo inapoanza kusukuma, valvu hiyo hujifunga ili presha ya turbo isirudi ndani ya injini, na gesi yote hulazimika kupita njia ya pili, ambayo ni mipira inayotoka kwenye hedi zote mbili, yaani vichwa vya silinda vya kila upande, na kuungana kwenye bomba la kuingizia hewa mbele ya turbo. Hapo ndipo oili inapoingia kwenye turbo, ikapaka intakula, yaani kipoozeo cha hewa inayotoka kwenye turbo, na hatimaye ikaungua pamoja na petroli. Ukungu wa oili huipunguzia petroli uwezo wake wa kustahimili mgandamizo bila kulipuka kabla ya wakati, na injini inayogonga kwa muda mrefu hupasua pistoni.

Zingatia pia kwamba silinda za injini hii zimelala. Gari linapokata kona ndefu kwa kasi, oili hukimbilia kwenye hedi ya upande wa nje na kujaa karibu na tundu la kupumulia. Ndiyo maana dereva wa rally wa Kampala au Mbarara atakuambia kwamba anapoteza oili nyingi, na mwalimu anayetumia gari lilelile kwenda shuleni Mukono hajawahi kuongeza hata tone kati ya servisi mbili, na wote wawili wanasema kweli.

Kuwauliza wenye magari

Wapenzi wa Subaru nchini Uganda hawatafutwi kwa tochi. Mchezo wa rally una mizizi mirefu hapa. Tangu Charles Muhangi alipotwaa ubingwa wa Afrika mwaka 1999, vijana wengi wamekua wakiamini kwamba kila mtaa una bingwa wake ambaye bado hajapata udhamini. Wapo Kisekka, soko la vipuri la Kampala, wakitafuta spea, wapo kwenye gereji siku za Jumamosi, na wakati wa Pearl of Africa Rally wanajipanga kando ya njia na vumbi lote. Kuwapata ni rahisi kuliko kupata kutoka kwao jambo unaloweza kulitumia.

Kosa nililofanya mwanzoni ni kuwauliza wanataka kopo la namna gani. Walinijibu kwa ukarimu: liwe jekundu, liwe kubwa, liwe na kichujio juu kama walichokiona kwenye video, liandikwe jina. Kati ya majibu hayo yote hapakuwa na moja lililonisaidia kuchora. Safari ya pili nilibeba daftari lenye safu tatu kwa kila mtu, ya kwanza kwa jambo aliloliona mwenyewe kwa macho, ya pili kwa jambo analolitaka, na ya tatu kwa jambo alilolisikia kwa wengine. Nilipoyagawa mazungumzo kwa namna hiyo, safu ya tatu ilijaa haraka na safu ya kwanza ikabaki na mistari michache, lakini mistari hiyo michache ndiyo iliyochora kopo.

Kwa hiyo uliza kuhusu matukio. Mara ya mwisho uliongeza oili lini, na kiasi gani? Gari lilikuwa limetembea kilomita ngapi tangu servisi? Nani aliifungua intakula, na alikuta nini? Moshi wa buluu unauona ukiwasha asubuhi, ukishuka mlima, au ukikanyaga mafuta baada ya foleni? Mtu anayejibu kwamba moshi hutoka asubuhi tu, gari likiwa limelala, huenda ana sili za valvu zilizochoka, na kopo halitamsaidia. Mwambie hivyo mapema, kwa sababu ukimuuzia atakulaumu na atakuwa na haki.

Usiwasahau watu ambao si wapenzi wa gari lakini wataishi na kipuri chako. Fundi mmoja mzee wa Kisekka, nilipomwekea mfano wa kadibodi mahali nilipoona panafaa, aliuangalia kwa muda mrefu akatikisa kichwa. "Kijana wangu, hapa pazuri," aliniambia, "lakini mimi nikitaka kuitoa betri nitafungua bolti zako nne kwanza. Sitazirudisha zote." Sikuwa nimeliwaza jambo hilo, na nikajua kwamba angefanya vilevile alivyosema. Dada mmoja anayeendesha Subaru Forester kutoka Entebbe, ambaye hupima oili yake mwenyewe kila Jumapili, aliniuliza swali moja tu: koki ya kumwagia iko wapi, na je, ataifikia bila kuugusa mkono kwenye chuma cha moto? Maswali hayo mawili yalihamisha kopo lote upande mwingine wa chumba cha injini.

Mfano wa kadibodi na bomba la maji

Mfano wa kwanza usitumie chuma. Chukua bomba la plastiki la mabomba ya maji taka lenye kipenyo cha milimita 75, likate urefu wa milimita 180, ziba ncha kwa kadibodi, na utengeneze mguu wake kwa kadibodi ngumu ya boksi. Kitu hicho hakipaswi kamwe kuwashwa nacho gari, kwani plastiki hiyo hulainika kwa joto la injini, na hali ni hiyohiyo kwa sampuli zinazochapwa kwa mashine za pande tatu kwa plastiki ya PLA, ambayo huanza kulegea kwenye nyuzi joto 60 hivi. Faida yake ni kwamba kwa saa moja utakuwa umelijaribu kopo mahali pengi na kujua nini kinagusana na nini.

Nafasi chini ya boneti ipime kwa udongo wa mfinyanzi. Finyanga donge la ukubwa wa yai, liweke juu ya mfano, lifunike kwa karatasi ya nailoni lisigande, kisha ushushe boneti taratibu hadi ijifunge na uifungue tena. Unene wa donge lililobanwa ndiyo nafasi uliyo nayo. Mimi sikubali chini ya milimita 10, kwa sababu boneti ya bati hucheza gari likipiga mashimo. Kumbuka pia kwamba kopo limefungwa kwenye bodi ilhali injini imekaa juu ya mipira yake na huyumba kila unapokanyaga mafuta, kwa hiyo mipira inayounganisha viwili hivyo lazima iwe na ulegevu wa kutosha, bila kupinda mpaka ikajibana.

Epuka kuliweka karibu na turbo. Ukungu wa oili hugeuka matone pale unapopoa, hivyo kopo linalopigwa na upepo hunasa zaidi kuliko kopo linalochomwa, na oili iliyo karibu na bomba la moto ni hatari ya moto ambayo hakuna sababu ya kuikaribisha.

Ndani ya kopo

Hapa ndipo penye ufundi wenyewe, na ndipo makopo mengi ya bei nafuu yanapodanganya, kwa sababu ukiyafungua unakuta ni chupa tupu yenye matundu mawili. Hewa yenye matone ikiingia kwenye chupa tupu huchagua njia fupi na kutokea tundu la pili ikiwa na oili yake yote.

Matone huachana na hewa kwa njia tatu ambazo unapaswa kuzitumia kwa pamoja. Kwanza, hewa ipunguziwe mwendo. Ikitoka kwenye mpira mwembamba na kuingia kwenye chumba kipana, matone mazito hayawezi kuendelea kubebwa. Pili, igeuzwe ghafla. Iache igonge bamba la bati lililo mbele ya tundu la kuingilia, kwani hewa inaweza kupinda lakini tone haliwezi, hivyo litajibandika kwenye bamba na kuchuruzika. Tatu, ipitishwe kwenye wavu wa chuma cha pua wenye nafasi za kutosha kabla ya kutokea juu. Tundu la kutokea liwe juu kabisa, la kuingilia liwe ubavuni, na kati yao pasiwe na mstari ulionyooka. Bamba la pili lenye matundu liwekwe chini, theluthi moja kutoka kwenye kitako, ili oili iliyokwisha kunaswa isirushwe juu tena gari linaporuka kwenye matuta. Kopo la vipimo nilivyotaja lina ujazo wa karibu mililita 800, lakini oili ihesabiwe kwenye theluthi ya chini tu, yaani mililita 260 hivi. Ikipita hapo kopo limejaa hata kama juu kuna nafasi.

Usitumie waya wa kusugulia masufuria badala ya wavu. Unavunjika nyuzinyuzi, na nyuzi hizo zitavutwa moja kwa moja kwenye turbo inayozunguka zaidi ya mara 100,000 kwa dakika. Mimi niliutumia kwenye sampuli ya kwanza, tena niliushindilia, na nikafunga viungio vya milimita 10 nilivyovipata kwenye duka la vifaa vya kompresa kwa sababu vilikuwa vinang'aa. Wiki ya pili gari la rafiki yangu lilikuwa linadondosha oili chini. Sili ya kamshafti ilikuwa imesukumwa nje. Nililipa sili, oili na siku nzima ya kazi, na sikuwa na la kujitetea.

Hesabu ingenionya kama ningeifanya. Bomba lenye kipenyo cha ndani cha milimita 16 lina eneo kubwa zaidi ya mara mbili na nusu kuliko la milimita 10. Hewa ileile ikilazimishwa kupita kwenye la milimita 10 huenda kwa mwendo wa mara mbili na nusu, na kwa kuwa presha inayopotea huongezeka kwa mraba wa mwendo, kizuizi kinakuwa zaidi ya mara sita. Kwa hiyo viungio vyako visiwe vyembamba kuliko mpira uliotoka nao kiwandani, na pembe kali za digrii 90 zihesabiwe kama adui. Tumia bomba lililopindwa polepole.

Malighafi na uchomeleaji

Sampuli ya kwanza ya chuma itengeneze kwa bomba la chuma la kawaida lenye unene wa milimita 1.5, kwa kuwa fundi yeyote mzuri wa Katwe, mtaa wa mafundi wa Kampala, atalichomelea bila shida na utaweza kulikata na kulirekebisha. Litashika kutu kwa ndani, kwa sababu gesi ya injini ina mvuke wa maji, lakini sampuli hiyo haiishi muda mrefu. Kopo la mwisho liwe la alumini ya milimita 3. Alumini inahitaji mashine ya TIG ya umeme wa AC na fundi mwenye subira. Uso wake usuguliwe kwa brashi ya chuma cha pua ambayo haijawahi kugusa chuma kingine, na ufutwe mafuta yote, la sivyo mshono utajaa vitundu kama mkate wa kumimina. Alumini chakavu iliyoyeyushwa kwenye tanuri la mtaani nakushauri uiache kwa masufuria.

Mshono ukipoa, ziba matundu yote isipokuwa moja, lizamishe kopo kwenye beseni la maji na uingize upepo kwa pampu ya baiskeli usiozidi bari 0.3. Viputo vikitoka, weka alama, kausha, rudi kwa fundi. Baada ya hapo osha ndani kwa petroli au mafuta ya taa na uligonge kopo mara nyingi likiwa kichwa chini, maana chembe moja ya mchomeleo iliyobaki inatosha kulikwangua panga la turbo.

Kuhusu mipira, duka nyingi zitakupa mpira wa maji ya rejeta kwa nia njema kabisa. Mpira huo kwa kawaida ni wa EPDM, ambao hufura na kulainika ukikutana na oili. Mipira ya silikoni ya buluu inayopendwa na vijana nayo hupitisha oili polepole hadi ikatoa jasho kwa nje, isipokuwa ile yenye utando maalumu ndani. Omba mpira wa naitraili wa oili wenye nyuzi ukutani usiojibana ukivutwa.

Kupima presha kwa maji

Kama utasoma sehemu moja tu ya mwongozo huu, soma hii. Kipimo cha presha ya ndani ya injini hakihitaji mtambo wa gharama. Nunua mita tatu za mpira mwembamba unaoona ndani, uupinde uwe kama herufi U kwenye ubao wenye urefu wa mita moja, bandika rula au tepu ya fundi cherehani katikati, na utie maji yenye rangi hadi nusu. Ncha moja iache wazi. Nyingine iunganishe kwenye bomba la kijiti cha kupimia oili kwa kizibo cha mpira kilichotobolewa, na katikati ya njia weka chupa tupu iliyofungwa vizuri, ili injini ikivuta maji kwa bahati mbaya yaishie kwenye chupa yasifike kwenye oili. Tofauti ya sentimita 10 kati ya maji ya mkono mmoja na mwingine ni sawa na karibu kilopaskali moja.

Pima kwanza gari likiwa bila kopo. Injini ikinguruma polepole, maji yatavutwa kidogo kuelekea injini. Ukikanyaga mafuta yote kwenye mlima kwa gia ya tatu, yatasukumwa upande mwingine. Mwenzako akae kiti cha abiria na ubao, arekodi kwa simu, wewe uangalie barabara. Kisha funga kopo, rudi mlima uleule siku ileile, kwa oili ileile na dereva yuleyule. Kanuni yangu ni kwamba kopo lisiongeze zaidi ya sentimita 5 za maji juu ya kipimo cha kwanza. Nilipolirudia lile kopo langu la viungio vya milimita 10 kwa kipimo hiki, maji yalipanda sentimita 30 zaidi kabla sijamaliza nusu ya mlima, na nikaelewa sili ilienda wapi.

Kuwapa watu wajaribu

Sampuli iliyopita kipimo cha maji sasa inaweza kutoka nje ya karakana, lakini iende kwa watu wachache wenye matumizi tofauti. Mimi nilichagua gari la foleni za Kampala, gari la safari ndefu za Masaka na Mbarara hadi Kabale, na gari la mashindano. Kila kopo ligongwe herufi na namba ya toleo kwa chuma, kwa sababu baada ya miezi mitatu hakuna atakayekumbuka nani ana bamba la chini na nani hana. Kila mtu apewe kadi ya kuandika tarehe, kilomita, mililita alizomwaga na rangi yake, pamoja na bomba la sindano la mililita 60 la kupimia, maana kifuniko cha chupa ya soda si kipimo. Na muandikiane kwa maneno machache kwamba hiki ni kifaa cha majaribio na kwamba likitokea jambo gari lisimame na upigiwe simu.

Matokeo ya kwanza yatakushangaza kwa rangi kuliko kwa kiasi. Gari la safari fupi, na pia lile linalofika Kabale kwenye mwinuko wa karibu mita 2,000 ambako asubuhi ni baridi, litakupa uji wa rangi ya chai ya maziwa. Huo ni mvuke wa maji uliochanganyika na oili ndani ya kopo. Fundi mwenye haraka atasema gasketi ya hedi imekufa. Mwambie apime maji ya rejeta kwanza, na kama hayapungui aendelee na kazi yake. Kilichonaswa kisirudishwe kwenye injini, kwa kuwa kina maji na petroli ndani yake, wala kisimwagwe mtaroni. Mtaro wa Nakivubo unaishia Ziwa Viktoria, na maji ya bomba tunayokunywa yanatoka humohumo. Kusanya kwenye dumu pamoja na oili chakavu ya servisi.

Maombi ya mabadiliko yatakuja mengi, na hapa daftari la safu tatu linarudi kazini. Ombi lililorudiwa kuliko yote kwangu lilikuwa la kichujio kidogo juu ya kopo kinachotoa hewa nje badala ya kuirudisha kwenye turbo. Nililikataa. Injini hii hupima hewa inayoingia kwa sensa iliyo baada ya eya klina. Ukifungua kopo kwa nje huku valvu ya PCV ikiendelea kuvuta, manifoldi itapata hewa ambayo sensa haikuihesabu, mchanganyiko utakosa petroli na injini itayumba ikinguruma. Juu ya hayo, vumbi la murramu litapata mlango usio na mlinzi wa maana, na abiria watanusa oili. Anayetaka kopo la wazi kwa mashindano ana kanuni nyingine za kufuata, na ni vema aonane na wakaguzi wa shirikisho la mchezo, FMU, kabla ya kukata mpira wowote.

Kwa upande mwingine, lipo jambo ambalo hakuna aliyeliomba na gari lenyewe likalisema. Kopo la gari la mashindano lilirudi limefungwa kwa waya wa kufungia nondo. Mguu wake, ambao nilikuwa nimeuchomelea moja kwa moja kwenye ubavu wa kopo, ulipasuka pembeni mwa mshono baada ya siku mbili za barabara zenye mawimbi ya mabati. Kijana aliyelileta aliomba msamaha kana kwamba yeye ndiye aliyevunja. Nilimwomba asiliguse, nikapiga picha mpasuko kutoka pande zote, nikaona kwamba ulianzia mahali pembamba kabisa palipochomwa mara mbili. Tangu hapo kopo linashikwa na mshipi wa bati wenye mpira ndani, mguu una ukingo uliokunjwa, bolti ni mbili tu, na zote zinafunguka bila kuigusa betri. Yule mzee wa Kisekka alilijaribu, akaitoa betri, akairudisha, akaniambia, "Sasa hivi nimekuelewa."

Badilisha jambo moja kwa kila toleo. Ukibadilisha wavu, mguu na kipenyo kwa pamoja, kisha mililita zikaongezeka, hutajua ni lipi lililofanya kazi, na toleo linalofuata utalibuni gizani. Kipimo cha maji kirudiwe kwa kila toleo hata kama umebadilisha rangi tu, kwa sababu siku moja rangi itaingia ndani ya kiungio.

Kabla ya kuuza

Hataza usiihangaikie, makopo ya namna hii yapo duniani kwa miaka mingi na wazo lenyewe si jipya. Unachoweza kukilinda ni jina na nembo yako, na hilo husajiliwa URSB, ofisi ya usajili ya Uganda. Ukitaka kuuza kwa wingi, nenda mapema kwa shirika la viwango, UNBS, kule Bweyogerere, uulize kipuri chako kinaangukia wapi, badala ya kusubiri kuulizwa ukiwa na mzigo dukani.

Tengeneza jigi ya chuma ya kushikilia kopo wakati wa kuchomelea ili la ishirini lifanane na la kwanza, na moja katika kila kundi la kumi ulipasue kwa msumeno uangalie mishono kwa ndani. Ndani ya boksi weka mipira iliyokatwa tayari kwa urefu uliopimwa, klipu zote pamoja na mbili za ziada, na karatasi ya maelekezo yenye picha kwa Kiganda, Kiswahili na Kiingereza. Andika kwa herufi kubwa kwamba kopo limwagwe kila kilomita 1,000 hadi mwenye gari ajue kiasi chake, na kwamba klipu zikazwe upya baada ya kilomita 500 za kwanza, kwa kuwa mpira mpya hukaa na kulegea kidogo ukishapashwa na kupoa mara kadhaa. Nyuma ya karatasi hiyo chapa ileile kadi ya mililita na rangi, na namba ya simu ya karakana.